Piano, Ngoma na Swali Lako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja: je, jazz ingeweza kuwapo bila piano, ikiwa bendi za matarumbeta za New Orleans, Marekani, zilipiga huku zikitembea barabarani, na piano haibebeki? Ni swali zuri. Ila mimi naona tuulize kwanza piano ilikuwa ikifanya nini ndani ya nyumba wakati matarumbeta yakipita nje.

Ilikuwa ikijifunza kuwa bendi nzima. Katika mtaa wa Storyville, mjini humo humo, Jelly Roll Morton aliipiga kwenye madanguro akiwa kijana. Baadaye, huko Harlem, New York, James P. Johnson na wenzake walialikwa kwenye sherehe za kuchangisha kodi ya nyumba, ambako mtu mmoja alitakiwa kuwachezesha watu usiku kucha. Mkono wa kushoto ulirukaruka kati ya noti nzito za chini na akodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, za katikati, ukishika mapigo, huku wa kulia ukiupamba wimbo. Ndiyo maana sichoki kuwaambia, wewe na dada yako, kwamba piano ni ngoma: ndani yake mna nyundo zinazopiga nyuzi.

Unaikumbuka santuri ya babu yako, ile yenye jalada lililochanika? Ni Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa mwaka 1960, mwaka ambao nchi nyingi za Afrika zilipata uhuru. Nilikuwa mtoto babu yako alipoiweka kwa mara ya kwanza. Sote tulitarajia Kiingereza. Ikatoka sauti ya Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, akitamka shairi kwa Kiswahili. Babu yako, ambaye unajua hakuwa mtu wa kuonyesha furaha, alisimama, akairudisha sindano mwanzo, akamwita bibi yako kutoka jikoni aje asikie. Kesho yake nilimsimulia mwalimu wetu wa muziki. Akanijibu mbele ya darasa zima kwamba piano ni ya nyimbo za kanisani na ngoma ni ya Mwafrika, na viwili hivyo havichanganywi. Wenzangu walicheka. Hadi leo, nikiwa peke yangu, bado namjibu: Weston, mzaliwa wa Brooklyn, aliiweka piano yake katikati ya ngoma, na hakuna kilichokataa mwenziwe. Serikali ya makaburu huko Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo mwaka 1964, kwa sababu ilielewa vyema inasema nini.

Hata hivyo najipinga mwenyewe kila ninapomsikiliza mpiga piano Bill Evans katika Kind of Blue, santuri ya Miles Davis ya mwaka 1959. Pale akodi zinatandazwa taratibu na kuachwa zififie, wala huisikii nyundo. Labda niseme piano ni ngoma inayoweza kuimba. Lakini nikikubali hilo, nimekwisha kulegeza msimamo wangu, nami sipendi kuulegeza.

Tena yupo Gerry Mulligan, ambaye mwaka 1952, huko Los Angeles, aliunda kundi la watu wanne lisilo na piano kabisa. Saksafoni yake na tarumbeta ya Chet Baker zilisukana juu ya besi na ngoma, na sikio halikudai kingine. Hapo una hoja, nakubali. Lakini Mulligan mwenyewe alikuwa akipiga piano, na nadhani aliweza kuiondoa kwa sababu alijua hasa kazi yake, akaigawa kwa waliobaki.

Hukumu, basi, siitoi, ingawa ulimi unaniwasha. Kabla hujanijibu, sikiliza Weather Bird ya mwaka 1928, Louis Armstrong na tarumbeta yake, Earl Hines na piano, hakuna mwingine. Kisha uniandikie ni nani kati yao aliyeshika mapigo, na ni mahali gani hasa alipoyaachia kwa makusudi.

Akupendaye,
Baba yako