Kabla Hujashusha Giaboksi, Hakikisha Klachi Inaachia

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba gari lake la spoti, lenye gia za kuingiza kwa mkono, husaga kila anapoingiza gia ya pili, na kwamba fundi wake ameshatoa hukumu: giaboksi imekufa, inunuliwe nyingine. Niliposoma ujumbe huo damu ilinichemka, kwa sababu hukumu kama hiyo niliwahi kupewa mimi, tena na fundi ambaye hakuwa hata ameinama kutazama chini ya gari.

Langu lilikuwa gari dogo la viti viwili. Lilianza kukataa rivasi, kisha gia ya kwanza, na mwishowe kila gia ikawa ya kubembelezwa. Fundi aliliendesha kidogo, akatikisa kichwa, akataja giaboksi. Nilimwuliza swali moja tu: mbona injini ikizimwa gia zote zinaingia bila kelele? Badala ya kunijibu, aliniambia kwamba magari ya aina hii hayawafai watu wenye maswali mengi. Maneno hayo hayajanitoka mpaka leo.

Swali langu lilikuwa na jibu ndani yake. Injini inapozimwa, shafti inayoingia kwenye giaboksi haizungushwi na chochote. Inapowaka, ni klachi pekee inayoweza kuitenga na flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini. Kwa hiyo gia zinazoingia vizuri injini ikiwa imezimwa, na kukataa zote inapowaka, kwa kawaida zinaishtaki klachi isiyoachia sawasawa. Nilikanyaga pedali mara kadhaa mfululizo, na gia zikaingia; hapo nikajua kwamba tatizo liko kwenye mfumo wa mafuta ya breki unaosukuma klachi. Nilipofunua mpira wa silinda ya chini, ile iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, nilikuta mafuta ya breki yametuama ndani, maana sili, mpira unaozuia mafuta kuvuja, ilikuwa imekwisha. Silinda ikabadilishwa, hewa ikatolewa kwenye mfumo, na giaboksi iliyotangazwa kufa ingali inafanya kazi.

Msomaji wangu, hata hivyo, analalamikia gia moja, na hilo linabadilisha shauri. Klachi isiyoachia huzisumbua gia zote, na rivasi hutangulia kulalamika kwa sababu katika magari mengi haina sinkronaiza. Gia moja ikisaga peke yake, mshukiwa ni pete ya sinkronaiza ya gia hiyo, ambayo kazi yake ni kusawazisha mwendo kabla meno hayajakutana. Ajaribu hivi: anaposhuka kutoka gia ya tatu, aweke nyutro, aachie klachi, aguse pedali ya mafuta kidogo, akanyage klachi tena, ndipo aingize ya pili. Ikiingia kimya, pete imechakaa au haishiki vizuri.

Hata hapo asikimbilie kufungua. Aulize kwanza ni mafuta gani yaliyomo kwenye giaboksi. Giaboksi nyingi za zamani zilitengenezwa kutumia mafuta ya daraja la GL-4, na mtu akitia GL-5 kwa kudhani kwamba namba kubwa ndiyo bora, pete za shaba zinaweza kushindwa kushika, na baadhi ya viambato vyake vinaweza kuzitafuna. Kitabu cha gari kinasema yanayotakiwa. Ndugu zangu, tunajua nguvu za injini zetu kwa kichwa, lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kusoma ukurasa huo?

Sikio nalo lifunzwe. Mvumo unaosikika katika nyutro na kutoweka unapokanyaga klachi hutoka mara nyingi kwenye beringi ya shafti ya kuingilia. Unaoanza unapokanyaga ni wa rilizi beringi, ile inayosukuma klachi iachie. Klachi inayoteleza haina fumbo: ukiwa gia ya nne kwa mwendo wa wastani, kanyaga mafuta yote, na mizunguko ya injini ikipanda huku mwendo ukibaki palepale, pleti ya klachi imekwisha au imelowa mafuta.

Ikithibitika kwamba lazima giaboksi ishushwe, badilisha pleti, presha pleti inayoibana, na rilizi beringi kwa pamoja, kagua uso wa flaiwili, na itazame sili ya nyuma ya injini kabla fundi hajaanza kurudisha bolti.