Muulize Fundi: Msumeno Unaogoma Asubuhi

Swali: Shikamoo Fundi. Nina msumeno wa mnyororo wa miaka minne. Asubuhi ukiwa baridi navuta kamba mara ishirini, thelathini, mpaka bega linauma. Wakati mwingine hukohoa mara moja, halafu kimya. Ukishawaka, basi, unapiga kazi hadi jioni, na hata nikiuzima nipumzike kidogo, mvuto mmoja tu unaitika. Plagi nimebadilisha mara mbili. Kile kibofu cha mpira cha kupandishia mafuta siku hizi nakibonyeza mara kumi na tano ndipo kijae. Jirani anasema nifungue kabureta. Nifungue? – *Mwenye Bega Bovu*

Jibu: Marahaba, Mwenye Bega Bovu. Bisibisi iweke chini kwanza. Kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, kila mtu huikimbilia, na mimi huletewa zilizokwisha kufunguliwa, dayaframu (utando wake mwembamba wa ndani) imegeuzwa, na mwenyewe amefunga skrubu iliyobaki kwenye karatasi.

Barua yako nimeisoma nikasimama mahali pawili: "hukohoa mara moja" na "mara kumi na tano". Plagi isahau. Injini inayofanya kazi kutwa nzima moto wa plagi inao, na hata koili mbovu, ile inayoipa plagi umeme, kwa kawaida husumbua injini ikishachemka, si ikiwa baridi.

Tuanze na kikohozi. Injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri. Sehemu kubwa hubaki matone. Ndiyo maana kuna choki: inaziba njia ya hewa ili injini ivute petroli nyingi kuliko kawaida. Lakini hiyo ni dawa ya mivuto michache tu. Injini ikikohoa imekwambia petroli imetosha. Hapo hapo rudisha choki. Kwenye misumeno mingi unaisogeza hatua moja, mahali ambapo resi inabaki imefunguka kidogo, kisha unavuta tena. Kikohozi chenyewe ni kidogo, kama mtu anayesafisha koo chumba cha pili. Ukiwa umevaa vizuia kelele masikioni hukisikii, unaendelea kuvuta na choki imefungwa, na kila mvuto unaongeza petroli juu ya petroli. Mvuto wa thelathini hauna nafuu kuliko wa tano. Unazidi kuilevya injini tu.

Kwa hiyo choki ikiwa imefungwa, vuta mara nne au tano. Usiposikia kitu, acha, fungua plagi uitazame. Hii ndiyo sehemu ninayotaka uishike kuliko zote, maana plagi inaeleza mengi bila kipimo chochote.

Ikitoka imelowa na inanuka petroli, injini imelewa. Ifute, iweke mbali. Swichi ikiwa imezimwa, geuza msumeno tundu la plagi lisikuelekee usoni, vuta kamba mara sita au saba petroli itoke. Usijaribu moto wa plagi karibu na tundu hilo, maana mvuke wake unawaka. Rudisha plagi, choki iwe wazi kabisa, washa swichi, bana resi yote, vuta. Msumeno uwe chini, breki ya mnyororo imefungwa, mguu umekanyaga mpini wa nyuma. Wapo wanaouwasha hewani, mkono mmoja unaurusha chini na mwingine unavuta kamba. Mtu akifanya hivyo mbele yangu, mimi huondoka.

Ikitoka kavu, petroli haifiki. Na kwako wewe, nadhani itatoka kavu asubuhi nyingi.

Kwa sababu ya kile kibofu. Kikiwa kizima hujaa kwa kubonyezwa mara nne, tano, sita. Kumi na tano maana yake kinanyonya hewa mahali fulani. Usiku kucha hewa hiyo inaingia polepole, petroli iliyokuwa kwenye mpira wa mafuta unaotoka tangini inarudi humo, na asubuhi kabureta ni tupu. Injini ikishawaka, mvuto wake unaushinda uvujaji huo, na ukiuzima kidogo tu petroli haijapata muda wa kurudi. Ndiyo maana mchana unakuitika.

Bonyeza kibofu huku ukikitazama kwa mwanga. Mapovu yakiendelea kupita hata baada ya kujaa, umempata mwizi. Kikague kibofu chenyewe, maana mpira wake hukauka na kupasuka, kisha vuta mpira wa mafuta kutoka tangini kwa waya uliopinda ncha. Usiutazame ukiwa umenyooka! Mara ya kwanza nilipokutana na ugonjwa huu niliutazama hivyo, nikasema mzima, nikamrudishia mwenyewe msumeno wake. Siku mbili baadaye amerudi, hana hata salamu. Nilipoupinda kwa vidole, pale hasa unapopenya ukuta wa tangi, ufa ukafunguka kama mdomo. Ukiunyoosha unajifunga, huoni kitu. Kwa hiyo upinde, uzungushe, upinde tena. Ukibadilisha mpira, badilisha pia filta ya mafuta iliyo mwishoni mwake.

Mpira na kibofu vikiwa vizima, hapo jirani yako anaweza kuwa na haki. Dayaframu ya kabureta inatakiwa kuwa laini. Ikiwa inalia kama karatasi kavu ukiigusa, imekwisha. Piga picha kabla ya kufungua kila kitu. Skrubu ya L, ile ya kurekebisha petroli ya mwendo wa polepole, iache mpaka umemaliza hayo yote, na ukiigusa, weka alama ilipokuwa na uizungushe sehemu ndogo tu, moja ya nane ya mzunguko kwa wakati mmoja.

Hujaniambia petroli yako ina umri gani. Mchanganyiko wa petroli na oili uliokaa zaidi ya mwezi umepoteza ile sehemu nyepesi inayoruka haraka, na ndiyo hiyo inayowasha injini baridi. Kipimo kikiwa moja kwa 50, ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, si kukisia kwa kifuniko cha chupa.

Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, sina wasiwasi nayo. Injini iliyochoka haiitiki kwa mvuto mmoja ikiwa ya moto.

Swali: Fundi, wangu ni kinyume. Asubuhi huwaka vizuri, baada ya dakika ishirini unazima. Nikifungua kifuniko cha tangi nasikia *fyuu*, nafunga, unawaka tena. – *Msomaji wa siku nyingi*

Jibu: Hiyo *fyuu* ndiyo jibu. Petroli inatoka tangini na hewa hairudi badala yake, kwa hiyo tangi linavuta kinyume na kabureta. Tundu la kupumulia la tangi limeziba kwa unga wa mbao na oili. Kwenye misumeno mingine ni kifaa kidogo pembeni ya tangi, kwenye mingine kimo ndani ya kifuniko. Kisafishe, na kikigoma weka kipya. Usifanye kazi huku kifuniko umekilegeza, petroli itamwagika juu ya ekzosi ya moto. Siku utakapofungua usisikie *fyuu* na bado unazima ukishachemka, niandikie tena. Hapo tutazungumza habari za koili.