Boti inayovuta kulia: kabla hujanunua kebo ya usukani, tazama kipezi cha mashine

Nikiachia usukani kwa sekunde mbili tu, boti yangu ilikuwa inakata kulia kama imeitwa. Mashine ni ya kutundika nyuma, ya farasi 60, na ilikuwa imeshapita mikono kadhaa kabla ya kunifikia. Nikikimbia kwa saa nzima, narudi mkono umekufa ganzi kwa kuushikilia usukani usigeuke. Nikazoea. Ukikaa na chombo kibovu muda mrefu unaanza kuuona ubovu kuwa ndiyo tabia yake.

Fundi wa kwanza aliuzungusha usukani mara moja, akasikia ulivyo mzito, akasema kebo, ule waya unaounganisha usukani na mashine, imekufa. Hakukosea: kebo ilikuwa imekufa kweli. Nikanunua mpya, tukafunga, usukani ukawa mwepesi kama wa gari jipya. Nikaingia majini nikiwa na furaha, nikaongeza moto, na boti ikavuta kulia kuliko siku zote. Ugumu wa kebo ya zamani ndio uliokuwa unaificha nusu ya ule mvuto. Nilikuwa na magonjwa mawili, na dawa ya moja ikalifichua la pili.

Hili si la kuchekea. Usukani mwepesi wenye mvuto mkali ukikuponyoka katika kasi, boti inageuka ghafla na watu wanarushwa nje. Ile kamba ya kuzimia injini iwe imefungwa mwilini mwako wakati wote wa majaribio, na abiria wabaki nchi kavu.

Kwanza jiulize kinachovuta ni nini. Kuna boti ambayo usukani wenyewe unapigana na mkono wako, na kuna boti ambayo usukani umetulia katikati lakini chombo kinakwenda upande. Hiyo ya pili mara nyingi ni habari ya uzito au ya sehemu ya chini ya boti: tangi la mafuta liko upande mmoja, maji yamejikusanya kwenye ngama (chini kabisa ndani ya boti), ukoga na magamba vimegandia upande mmoja, au umbo la chini limepinda. Ili upepo na mkondo visikudanganye, tafuta maji matulivu, nenda kwa mstari mmoja kisha urudi kwa mstari uleule. Mvuto ukibadilika upande unaporudi, kosa si la mashine.

Wangu haukubadilika. Ulikuwa kulia kwenda, kulia kurudi, na ulikuwa mkononi.

Sababu yenyewe iko kwenye propela. Mhimili wake usipolingana sawasawa na maji yanayopita, bapa la upande mmoja hula maji mengi kuliko la upande wa pili, na mashine nzima inasukumwa ubavuni. Propela nyingi, ukiitazama ukiwa nyuma ya boti, huzunguka kama mishale ya saa. Kwa propela ya aina hiyo, mashine ikiwa imevutwa ndani karibu na boti, usukani huvuta kulia. Ukiitoa nje kupita kiasi, huvuta kushoto. Kati ya hapo pana mahali patulivu. Kwa hiyo jaribio la bure kabisa ni kubadilisha mwinuko wa mashine (kuivuta ndani au kuitoa nje) ukiwa kwenye kasi yako ya kawaida ya safari. Kama una swichi ya umeme, bonyeza kidogo kidogo. Kama mashine yako ina pini ya kuhamisha tundu, simama, zima, hamisha tundu moja, kisha jaribu tena.

Mimi nilipata nafuu, lakini pale mvuto ulipoisha pua ya boti ilikuwa juu mno na inadundadunda. Hapo ndipo nikapiga magoti nyuma ya mashine na kukitazama kile kipezi.

Namaanisha kile kipande kidogo cha chuma kinachoning'inia chini ya bamba lililo juu ya propela. Wengi hudhani ni pambo. Kazi yake ni kusukumana na maji upande wa pili ili kuufuta mvuto wa propela, na kwenye mashine nyingi kimetengenezwa kwa madini yanayojitoa kuliwa na kutu ili mguu wa mashine, sehemu yake inayozama majini, upone. Changu kilikuwa kimeliwa karibu nusu, kikapakwa rangi juu (rangi inakizuia kufanya kazi hiyo ya kuliwa), na, kubwa zaidi, kilikuwa kimefungwa kikielekea kushoto.

Nilijiuliza nani angefanya hivyo kwa makusudi. Hakuna. Kwenye baadhi ya mashine, bolti mojawapo inayoshika sehemu ya chini ya mguu imejificha juu ya kipezi hicho. Ukitaka kubadilisha impela ya pampu ya maji (kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza injini), kazi ya kawaida ya matunzo, lazima ukifungue. Fundi asipoweka alama, anakirudisha anavyojua, na mwenye boti anaanza kulalamikia kebo. Kama mvuto wako ulianza baada ya matengenezo ya pampu, naweza kukuwekea dau.

Kabla ya kupeleka mkono karibu na propela, toa ile kamba ya kuzimia na ufungue waya wa betri. Chora mstari kwa bisibisi pale kipezi kilipo sasa, halafu legeza bolti. Kwenye mashine nyingine bolti iko juu, chini ya kizibo kidogo cha mpira. Boti ikivuta kulia, geuza ncha ya nyuma ya kipezi kulia; ikivuta kushoto, kushoto. Najua akili inakataa. Mimi mwenyewe mara ya kwanza niligeuza kinyume na karibu nishindwe kurudi. Kumbuka kwamba maji yanakisukuma kipezi, na kipezi ndicho kinachougeuza mguu wa mashine. Sogeza kidogo tu, kiasi cha unene wa penseli, kaza sawasawa, nenda ukajaribu. Nilirudia mara nne.

Ukigeuza mpaka mwisho na hupati tofauti yoyote, huenda mashine imetundikwa juu mno na kipezi kinapita nje ya maji. Lile bamba la juu ya propela liwe usawa wa chini ya boti, au limepanda juu kidogo tu. Tazama pia kama bapa la propela limepinda, au lile pezi la chini kabisa la mguu limegonga mwamba likakunjika. Na kwa mashine kuukuu, zima, ushike mguu kwa mikono miwili uutikise: ukicheza, bushi zimekwisha, na hakuna kipezi kitakachoshika mahali.

Grisi nayo. Kebo yenye chuchu ya grisi (kitundu cha kuingizia grisi) hupigwa ile fimbo yake ikiwa imeingia ndani yote. Ukiipiga ikiwa nje unashindilia grisi mahali isipotakiwa, na inaweza kujifunga kabisa. Shingo ambayo mashine inageukia pia ina chuchu zake. Piga mpaka ile chafu itoke.

Nilifunga kipezi kipya, bila rangi. Sasa katika kasi ya safari nashika usukani kwa vidole viwili. Nikienda polepole bado unasogea kushoto kidogo, kwa sababu kipezi hukupa utulivu kwenye kasi moja na mwinuko mmoja tu, nami nikachagua ile ninayokaa nayo saa nyingi. Pale kipezi kilipotulia nimechimba mstari mpya kwa patasi, na kila fundi anayekuja na impela namwonyesha kabla hajatoa spana.