Kaisari "aliweza kufariki"? Kwani alikuwa anajaribu tangu lini?

Swali: Mwalimu shikamoo. Naandika makala ya Manuel II Palaiologos, "aliyeweza kuzaliwa mwaka 1350 na kuweza kutawala Bizanti toka 1391". Nimwite mfalme au kaisari?

Marahaba. La kaisari ni fupi, limetoka kwa Caesar wa Roma, Wagiriki wakalichukua, Waarabu nao wakalichukua, ila enzi za Manuel pale Constantinople, mji mkuu wa Bizanti (ile Dola ya Roma ya Mashariki), kaisar kilishashuka kikawa cheo cha wadogo, mkubwa mwenyewe akiitwa basileus, yaani mfalme kwa Kigiriki. Andika mfalme au kaisari, lolote, sigombani na mtu.

Nnayegombana naye ni huyo "aliweza". Kuzaliwa mtu anawezaje jamani, kuna wenzake walijaribu wakashindwa? Najua mmelitoa wapi, redioni, kila siku "marehemu aliweza kugongwa na bodaboda", yaani kama kashinda kombe!

Halafu kwenye rasimu yako nakuta "mwaka 1390 aliweza kulazimishwa na Bayezid kuuzingira Philadelphia". Hebu soma tena taratibu. Ule ndo mji wa mwisho wa Bizanti kule Asia Ndogo, wamo watu wake mwenyewe, na yeye kasimama nje ya ukuta na jeshi la Bayezid, sultani wa Waturuki, hapo kaweza nini? Alilazimishwa, basi, kitenzi kimoja kinatosha na kinauma zaidi.

Kuweza ni pale ambapo mtu angeweza kushindwa. Mji wake wa Constantinople umezingirwa na Bayezid toka 1394, Desemba 1399 akaondoka kwenda kuomba msaada Ulaya, akafika Paris, akavuka hadi Uingereza, Krismasi ya 1400 kaila kwa Henry IV pale Eltham, heshima kapewa, pesa kapewa, jeshi la kuuokoa mji HAKUWEZA kulipata. Umeona lilivyokaa? Mji ukaja kuponea kwa Timur, mtawala wa Asia ya Kati, aliyemchapa Bayezid pale Ankara 1402, ndo Manuel akaweza kurudi kwake 1403. Hiyo nakuachia, imestahili.

Ila mwisho umeandika "aliweza kufariki 1425". Mzee wa miaka 75, kiharusi kilishampiga toka 1422, ukisema hivyo ni kama ndugu walikuwa wamekaa kitandani wanamshangilia. Alifariki. Mngeniachia hata hicho kimoja, hizo "aliweza kuoa" na "aliweza kuandika vitabu" nitafumba macho.