Mwanangu Salma, kuhusu ile sindano uliyoniuliza

Mwanangu Salma,

Wa alaykum salaam. Umeniuliza hivi: una miaka 36, huna sukari wala presha, umeshachanja uviko mara tatu huko London na ya mwisho ni ya mapema 2022, kisha uviko wenyewe ukakupata. Sasa famasi ya mtaani kwako wanauza dozi mpya. Ununue au basi? Na ukinunua, utajuaje kuwa haijaharibika?

Nnaanza na bibi yako, maana Disemba unakuja kulala chumba kimoja naye na hakuna atakayekutoa.

Bibi ana miaka 81 na sukari yake unaijua. Shirika la Afya Duniani tangu Machi 2023 limewagawa watu makundi matatu. La kwanza ni wazee, wenye maradhi kama sukari na moyo, wenye kinga dhaifu, wajawazito, na wahudumu wa afya wanaokutana na wagonjwa. Hao ndio wa kuongezewa, wazee wakirudia kila baada ya miezi 6 hadi 12. Bibi mara ya mwisho alichanja ile ya sindano moja iliyoingia Tanzania Julai 2021, kabla ya Omicron na kabla ya JN.1, yaani aina mpya za kirusi zilizokuja baadaye. Wewe umo kundi la pili, watu wazima wenye afya: za mwanzo, nyongeza ya kwanza, halafu hawaongezewi kama ratiba. Sindano haikudhuru, ila faida iliyobaki kwako ni ndogo, kwani mwili wako umeshafundishwa mara nne ukihesabu na yale maradhi yenyewe. Hata huko Uingereza wameibana: vuli ya 2025 ya bure ni kwa waliotimia miaka 75, wazee wa nyumba za kulelewa, na wenye kinga dhaifu. Ndiyo maana wewe unauziwa.

Nilisema tangu siku ile mlipogombana na ami yako barazani na nnasema tena: chanjo hii kazi yake si kukuzuia usikohoe, ni kukuzuia usilazwe. Kingamwili za damuni hushuka baada ya miezi michache, ndipo watu husema "nimechanja na nimeumwa, ina faida gani?" Chembe zinazokumbuka ugonjwa hukaa muda mrefu zaidi, na hizo ndizo zinazomwepusha mtu na oksijeni.

Lakini hapo najipinga mwenyewe. Kama haizuii kukohoa, wewe kuchanja kutamfaa nini bibi? Kutamfaa, ila kwa muda mfupi: miezi miwili mitatu ya mwanzo uwezekano wa kuambukizwa hupungua, kisha unarudi. Ukichanja Agosti kwa safari ya Disemba, bibi hapati kitu. Ukichanja wiki mbili au tatu kabla ya kupanda ndege, anapata kidogo. Na hicho kidogo, wallahi, hakifikii kufungua madirisha yale mawili ya uani, wala vipimo vya pua ndani ya begi. Koo likikuwasha usiingie chumbani kwake. Jipime, na kipimo kikisema huna, rudia baada ya saa 48, kwa sababu siku ya kwanza hudanganya.

Ndugu yako Khamis ni jambo jengine. Ana miaka 22, na wanaume wa umri huo ndio chanjo za mRNA, kama za Pfizer na Moderna, zimewahi, kwa nadra, kuwavimbisha misuli ya moyo, mara nyingi ndani ya wiki moja. Wengi hupona. Asichanje kwa kuwa tu anakusindikiza famasi. Akichanja, maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio au pumzi kukata si mambo ya kulala nayo. Aende spitali siku ile ile.

Sasa hili la kuharibika. Umeniuliza jambo lililonikaa kooni tangu ulipokuwa skuli ya msingi. Unakumbuka siku niliyorudi kutoka kazi yangu ya chanjo nikakataa kula, baba yako akadhani tumegombana. Lilikuja kasha la chanjo za watoto, za dondakoo, kifaduro na pepopunda, limevuka bahari kutoka Unguja mpaka Mkoani, Pemba. Vifuko vya barafu vinatakiwa vitolewe kwenye friza vikae mezani mpaka ukivitikisa usikie maji yanacheza ndani, ndipo vipangwe. Hivi vilitoka kwenye friza vikapangwa vile vile, vikavu kama mawe, vichupa vimegandana navyo. Surua na matone ya polio huvumilia baridi hiyo. Hizi hazivumilii: zina chembe za aluminiamu, na zikiganda chembe hushikana, nguvu ikapotea, wala kuyeyusha hakuirudishi. Kuthibitisha, unagandisha makusudi kichupa kimoja cha namba ile ile usiku kucha, kikiyeyuka unakitikisa sambamba na unachokishuku, unaviweka mezani nusu saa. Kilichokuwa kizima hubaki na ukungu wake. Chetu kilijitenga: juu maji meupe, chini tope.

Kina mama walikuwa wamekaa chini ya mwembe tangu alfajiri, na yupo mkubwa mmoja aliyesema wachanjwe tu, nani atajua. Hawakuchanjwa. Waliambiwa ukweli na tarehe ya kurudi. Wapo waliorudi, na wapo watoto ambao majina yao yalibaki daftarini bila alama. Barafu iliwekwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kuwahi meli, na mpaka leo nikifikiria nnapandwa na hasira.

Hiyo yako ina tabia zake. Ya Pfizer ikiwa kwenye kichupa huhifadhiwa kwenye nyuzi 60 hadi 90 chini ya sifuri, na ikishayeyushwa hukaa friji ya nyuzi 2 hadi 8 kwa wiki 10 tu, wala haigandishwi tena. Basi uliza tarehe mpya ya mwisho iliyoandikwa ilipoyeyushwa, usiridhike na ile ya kiwandani. Haitikiswi: hupinduliwa taratibu mara kumi. Dozi ya mtu mzima ni mililita 0.3. Na nguo, mwanangu, vaa ya mkono mpana unaopanda mpaka begani. Ukivuta shingo ya nguo upande, mchomaji huona sehemu ya juu tu, sindano ikaingia karibu na kiungo, bega likauma miezi. Mahali pake ni vidole viwili au vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega. Kaa robo saa kabla ya kuondoka. Usinywe panado kabla, kunywa baadaye homa ikija.

Ningekuwa nnakuamulia kama zamani ningeshasema. Umeniomba maelezo, si amri, na nnajizuia, ingawa unajua ulimi wangu. Kwako nafsi yako haina uzito mkubwa. Kwa bibi ina uzito wa wiki chache, na wa bibi mwenyewe kuchanja unaushinda huo mbali. Hilo ni langu, Jumatatu nnampeleka kituoni kuulizia yake, na ami yako anakuja na gari.

Ukishakata tiketi nitumie tarehe, nikuhesabie wiki mbili kurudi nyuma. Vipimo lete vinne, na uangalie tarehe zake pia.

Mama yako