Je, Tununue Jiwe la Nyoka?

SWALI: Daktari, salamu. Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu aliumwa mguuni na nyoka wa kijani alipokuwa akiokota maembe nyuma ya nyumba. Mzee jirani alimchanja kwa wembe, akambandika jiwe jeusi la nyoka na kumkaza leso juu ya goti hadi asubuhi, na mtoto akapona. Sasa mume wangu ataka tuliweke jiwe hilo nyumbani, kwa nyoka na kwa nge, maana foleni ya feri hutuchelewesha kufika hospitali. Tulinunue? (Mama wa Likoni, Mombasa)

JIBU: Mama, namshukuru Mungu kwa uzima wa mtoto, na simdharau mzee aliyemhurumia, lakini jiwe hilo msilinunue. Aghalabu ni kipande cha mfupa uliochomwa, wenye vitundu vidogo vinavyofyonza unyevu, ndiyo maana hung'ang'ania palipochanjwa na kuanguka likishiba damu, watu wakasema limemaliza sumu. Sumu yenyewe huwa imeshaingia nyamani kwa meno ya nyoka na kuanza kusambaa mwilini, mahali ambapo kitu kilichobandikwa juu ya ngozi hakiwezi kuifikia.

Mbona basi mtoto alipona? Pwani yetu ina nyoka kadhaa wa kijani wasio na madhara, wanaofanana sana na yule wa jamii ya koboko apendaye miembe na mikorosho, na hata nyoka mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Jiwe hupewa sifa ya kuponya mtu ambaye hakutiwa sumu. Angekuwa ametiwa sumu ya koboko, kope zingelegea, kumeza kungemshinda, na misuli ya kupumua ingechoka kabla hakujakucha.

Kilichonitia hofu zaidi katika barua yako ni leso. Sumu ya bafe, ambaye wengine humwita kifutu, huharibu nyama pale alipouma, na mguu uliokazwa ukakosa damu usiku kucha unaweza kukatwa. Msikaze kitu, msichanje, msinyonye. Mvueni kikuku au pete kabla hajavimba, mfungeni ubao kando ya mguu kama aliyevunjika mfupa ili asiusogeze, abebwe badala ya kutembea, na akitapika alazwe kwa ubavu. Swila akimtemea mtu machoni, aoshwe kwa maji mengi papo hapo. Nyoka asifuatwe, kwani atamuuma wa pili.

Kuhusu feri, wasiwasi wenu ni wa haki, kwa kuwa kuchelewa ndiko kunakoua wengi. Shirika la Afya Duniani, lililoliweka tatizo hili mwaka 2017 miongoni mwa maradhi ya tropiki yaliyopuuzwa, hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Kwa hiyo ulizeni leo, kabla hamjapatwa, ni hospitali gani ya upande wenu wa kusini na ipi ya kisiwani iliyo na dawa ya kuzuia sumu ya nyoka. Dawa hiyo, itokanayo kwa kawaida na damu ya farasi waliozoeshwa sumu kidogo kidogo, yenyewe yaweza kuleta mzio mkali, hivyo hutiwa mshipani hospitalini, wala si ya kuwekwa kabatini.

Nge huuma vibaya, ila mtu mzima mara nyingi hutulizwa na kitambaa baridi na dawa ya maumivu. Mtoto mdogo apelekwe hospitali. Mwiba wa nyuki uondolewe upesi, na yeyote anayevimba uso au kuhema kwa shida, hata kwa nyuki mmoja, akimbizwe akadungwe adrenalini.

Fedha za jiwe nunueni tochi na viatu vya kufunika mguu, kwani bafe hatoroki akisikia hatua za mtu. Hulala tuli njiani mpaka akanyagwe.