Viatu vya Mgonjwa wa Matende

Swali: Mama yangu ana matende ya mguu wa kushoto, na kwa kuwa viatu vyote humbana, ameamua kutembea peku. Je, kipo kiatu cha kumfaa? Msomaji, Lindi.

Jibu: Hakuna kiatu kinachoponya matende, lakini kiatu kizuri huzuia michubuko ya nyayo na vidole ambamo bakteria hupenya na kuleta homa na maumivu makali, na kila shambulio la namna hiyo huweza kuuacha mguu ukiwa mkubwa kuliko awali. Kwa hiyo mama asitembee peku, hata uani. Mtafutie sandali pana, yenye soli imara na mikanda inayolegezwa kadiri mguu unavyovimba, naye aijaribu jioni, uvimbe unapokuwa umezidi. Ndala za kawaida sizipendi, kwani kamba yake huchubua kati ya vidole. Afadhali fundi viatu amshonee sandali kwa kipimo chake. Kabla ya kuvaa, auoshe mguu kwa maji na sabuni, kisha aukaushe vizuri. Kutembea nako husaidia, kwa kuwa misuli ya shavu la mguu husukuma majimaji kwenda juu. Akipata homa na mguu ukawa wa moto, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.